Nani Ana Ruhusa ya Kukataa Kifurushi? Usalama wa Masjala katika Ofisi za Busia, Malaba na Tororo

Vifurushi vingi vinavyofika katika ofisi za Busia au Tororo havikupita posta. Kimoja kimetoka Nairobi usiku kwa basi, kimeshushwa alfajiri, kimechukuliwa na kijana wa bodaboda aliyepigiwa simu, kisha kimeachwa kwa askari wa lango kwa sababu masjala haijafunguliwa. Kufikia saa tatu asubuhi kiko juu ya meza ya karani, kina jina la mkurugenzi lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na jina la mtumaji halipo. Kingine kimevushwa kwa miguu na mama muuza vitenge ambaye dada yake anaishi ng'ambo. Cha tatu kimeletwa na shemeji wa mhasibu. Kila kimoja kimepita katika mikono kadhaa, na katika mikono yote hiyo hakuna mwenye uhakika wa kilichomo.

Ukanda huu una ofisi nyingi kupita ukubwa wa miji yake. Kuna mamlaka za mapato za nchi mbili, uhamiaji, mahakama, benki, mawakala wa forodha, hospitali, serikali ya kaunti upande wa Kenya, na serikali za wilaya upande wa Uganda zenye matawi hadi kata za ndani kama Masinya. Tororo ina viwanda vya saruji. Busitema ina chuo kikuu. Kila moja ya ofisi hizo ina mtu mmoja au wawili ambao kazi yao ni kupokea: karani wa masjala, tarishi, binti wa mapokezi, mlinzi. Hao ndio hugusa kila kitu kabla ya mtu mwingine yeyote, na mara nyingi mishahara yao ndiyo ya chini kabisa katika jengo zima.

Nini kitawanusuru siku bahasha ikija na baya? Jibu jepesi ni mashine: skana, kamera, mlango wa umeme. Historia ya mashambulizi kwa njia ya posta, katika kanda yetu na kwingineko, inaelekeza kwingine. Mara nyingi kilichokosekana ni mtu wa chini mwenye taarifa ya kutosha na mamlaka ya kutosha kusema, "Hiki kisiingie kwanza," bila kuhofia kibarua chake kuota nyasi.

Vitabu na magazeti yaliyolipuka

Afrika Mashariki ililijua bomu la kifurushi mapema. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, alipitia ofisi ya chama chake jijini Dar es Salaam, akachukua barua zake na kwenda nazo kwenye nyumba ya rafiki huko Oyster Bay, mahali alipopenda kufanyia kazi kwa utulivu. Miongoni mwa barua hizo kulikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alipokifungua kililipuka, akafa papo hapo. Vifurushi vingine vya aina hiyo, vyenye majina ya viongozi wenzake, viligunduliwa baadaye kabla ya kuleta madhara.

Miaka kumi na mitatu baadaye, tarehe 17 Agosti 1982, mwanazuoni na mwanaharakati wa Afrika Kusini Ruth First aliuawa kwa bomu la barua ofisini kwake Maputo, katika chuo kikuu kilichopewa jina la Mondlane mwenyewe. Afisa wa ujasusi wa makaburu, Craig Williamson, alikiri kuhusika kwake mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, na mwaka 2000 akapewa msamaha. Aprili 1990 huko Harare, padri Michael Lapsley alifungua bahasha yenye magazeti ya dini. Alipoteza mikono yote miwili na jicho moja.

Katika visa hivi, kilichotumwa kilifanana na mpokeaji. Mondlane alikuwa msomi, akaletewa kitabu. Lapsley alikuwa padri, akaletewa magazeti ya dini. Mabango mengi ya usalama humfundisha karani kutafuta kitu cha ajabu: mafuta yaliyovuja, gundi nyingi kupita kiasi, waya unaochungulia, stempu zilizozidi, cheo kilichokosewa. Dalili hizo ni za kweli na zinafaa kujulikana, ila adui mwenye subira huzifuta moja baada ya nyingine. Karani akiuliza tu, "Je, kinatisha?", atakipitisha kitabu. Akiuliza, "Je, tulikuwa tunakitarajia?", atapiga simu kwanza.

Kisa cha Dar es Salaam kina fundisho la pili. Barua zilitoka ofisini, ambako pangeweza kuwekwa utaratibu, zikaenda nyumbani ambako haukuwepo. Tabia hiyo tunayo mpaka leo. Bosi hupita masjala jioni, hukusanya bahasha zake na kuzitia kwenye gari, azifungue sebuleni mbele ya watoto. Utaratibu ambao mkubwa anaruhusiwa kuuruka humlinda mdogo kwa nusu, na mkubwa mwenyewe haumlindi kabisa.

Kimeta: wachambuaji wa barua walisahauliwa

Mwaka 2001 tishio lilibadilika sura. Nchini Marekani, kuanzia mwezi Septemba, barua zenye unga wa vimelea vya kimeta zilitumwa kwa vyombo vya habari na kwa maseneta. Wafugaji wetu wanaujua ugonjwa huo kwa ng'ombe na kwa vidonda vyeusi vya ngozi. Ulipogeuzwa unga laini unaovutwa kwa pumzi, uliua watu 5 na kuwafanya wengine 17 waugue.

Tarehe 15 Oktoba barua moja ilifunguliwa katika ofisi ya Seneta Tom Daschle. Wafanyakazi wa Bunge walipimwa na kupewa dawa upesi. Barua hiyo ilikuwa imepita katika kituo cha kuchambulia barua cha Brentwood jijini Washington, ambako mashine huzibana bahasha kwa kasi na kusukuma hewa iliyomo itoke. Kituo hicho kiliachwa kikiendelea na kazi hadi tarehe 21 Oktoba, kwa kuwa wakuu waliamini unga hauwezi kutoka ndani ya bahasha iliyofungwa. Wafanyakazi wake wawili, Thomas Morris na Joseph Curseen, walikufa tarehe 21 na 22. Asubuhi ya siku yake ya mwisho, Morris alipiga simu ya dharura mwenyewe na kueleza kwamba alishuku barua iliyoonekana kazini. Leo jengo hilo lina majina yao.

Kisa hiki kingepaswa kusomwa na kila meneja mwenye masjala. Aliyelengwa alinusurika, waliokufa ni waliopitisha. Wataalamu walikuwepo na dawa zilikuwepo. Ila taarifa ilipanda juu haraka, na ilipotakiwa kushuka ikachelewa. Kwa siku sita, watu waliokaa karibu zaidi na hatari walikuwa ndio wenye habari ndogo zaidi kuihusu.

Mwezi huohuo hofu ilifika Nairobi. Waziri wa Afya wa Kenya, Sam Ongeri, alitangaza kwamba barua iliyotumwa kutoka Atlanta kwa mkazi wa jiji hilo ilikuwa imepatikana na kimeta. Kwa siku chache Kenya ilitajwa duniani kote. Vipimo vya kina vilivyofuata havikuthibitisha kimeta. Serikali haikukosea kuchukua tahadhari, lakini kipimo cha kwanza kiligeuzwa tangazo kabla ya cha pili kufanyika. Hilo ni onyo kwa ofisi za mpakani, ambako uvumi huvuka daraja kabla ya lori la kwanza. Ofisi inahitaji mtu mmoja aliyeteuliwa kusema, na wengine wote wajue kwamba kupiga picha unga wa kutiliwa shaka na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp si msaada.

Hatari zinazobisha hodi mpakani

Kimeta na mabomu ni nadra sana, na ofisi ikijiandaa kwa hayo peke yake itapigwa na mengine yaliyo karibu zaidi. Hapa mpakani yako manne ya kufikiriwa kwanza.

La kwanza ni zebaki. Wilaya ya Busia upande wa Uganda ina dhahabu, na wachimbaji wadogo wa maeneo kama Tiira wamekuwa wakiitumia zebaki kukamatisha chembe za dhahabu. Uganda ilijiunga na Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2019, na Kenya ikafuata mwaka 2023. Biashara inayobanwa kwa sheria hutafuta njia za panya, na chupa ndogo huweza kusafiri ndani ya mzigo wa kawaida. Lita moja ya zebaki ina uzito unaozidi kilo 13, kwa hiyo kifurushi kidogo kinachovuta mkono chini kuliko kinavyoonekana kinastahili swali. Ikimwagika haifagiliwi, kwa sababu ufagio huisambaza katika matone madogo yanayotoa mvuke usioonekana. Watu hutoka, mlango wa ndani hufungwa, na madirisha ya nje hufunguliwa.

La pili ni sampuli za maabara. Damu na makohozi husafiri kutoka vituo vya afya vya vijijini kwenda maabara kubwa, mara nyingi kwa pikipiki. Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan tarehe 20 Septemba 2022. Ilitangaza mwingine tarehe 30 Januari 2025, na mgonjwa wake wa kwanza kuthibitishwa, muuguzi wa Hospitali ya Mulago, alikuwa ametafuta matibabu hata Mbale, si mbali na Tororo. Katika nyakati kama hizo, kiboksi kilichoachwa mapokezi hakiwezi kuchukuliwa kijuujuu. Kanuni ya kufunga sampuli inajulikana: chombo kisichovuja, kifuko cha pili chenye kitu cha kunyonya umajimaji, kisha boksi gumu la nje lenye alama ya UN 3373. Karani hahitaji kujua biolojia. Anahitaji kuijua alama hiyo, kujua kwamba boksi lililolowa halinyanyuliwi, na kuwa na namba ya simu ya mkuu wa maabara.

La tatu ni barua ya vitisho, karatasi tupu isiyo na unga wala waya. Februari 2013, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Jaji Mkuu Willy Mutunga alitangaza hadharani kwamba alikuwa amepokea barua ya kumtisha iliyoandikwa kwa jina la kundi la Mungiki. Mahakimu, maafisa wa forodha, wakopeshaji na wakuu wa shule huweza kuandikiwa za namna hiyo wakati wowote. Ofisi nyingi huichana na kusema ni mchezo wa wahuni, au huipitisha mkono kwa mkono hadi kila mtu awe ameisoma na kuacha alama za vidole vyake juu yake. Barua ya vitisho ni ushahidi. Itiwe ndani ya bahasha safi pamoja na bahasha iliyokuja nayo, iandikwe saa na jina la aliyeipokea, na isishikwe tena mpaka polisi waichukue.

La nne ni mtu mwenyewe anayesimama kaunta. Dereva ambaye lori lake limezuiwa siku tatu, mfanyabiashara ambaye mzigo wake umekamatwa, mume ambaye amepokea hati ya talaka: wote hupeleka hasira kwa wa kwanza wanayemwona. Kwa karani wa kawaida wa Malaba, ngumi ya mteja ni hatari iliyo karibu kuliko bomu. Ofisi inayomweka peke yake nyuma ya meza isiyo na njia ya kutokea nyuma imeshaamua, bila kusema, kwamba usalama wake haumo kwenye bajeti.

Mashine huona inachoambiwa kutafuta

Oktoba 2010, mabomu mawili yaliyofichwa ndani ya printa yalitumwa kutoka Sana'a, Yemen, kwa kampuni za usafirishaji, yakiwa na anwani za Chicago. Moja lilikamatwa Dubai na jingine katika uwanja wa ndege wa East Midlands, Uingereza. Yote mawili yalikuwa yamesafiri kwa ndege kabla ya kugunduliwa, na huko Uingereza ukaguzi wa kwanza haukuona kitu. Yalipatikana kwa sababu ujasusi wa Saudi Arabia ulitoa taarifa, na taarifa hiyo ilikuwa na namba za kufuatilia mizigo. Ikiwa viwanja vikubwa vya ndege viliokolewa na namba iliyoandikwa vizuri, masjala ya wilaya haina sababu ya kudharau daftari lake.

Desemba mwaka huohuo, miezi mitano baada ya mashambulizi ya Kampala yaliyoua watu zaidi ya 70, mzigo ulilipuka Nairobi wakati abiria wakipanda basi la kwenda Kampala, basi ambalo lingevukia mpakani kwetu. Ulilipuka pale zamu yake ya kukaguliwa ilipofika. Ukaguzi ulizuia bomu lisiingie ndani ya basi, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini meza ya ukaguzi ilikuwa katikati ya umati, na makumi ya watu walijeruhiwa. Mahali pa kukagulia pana uzito sawa na ukaguzi wenyewe.

Serikali zimefanya mengi mpakani. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018. Anayetoka Kenya humaliza taratibu za nchi zote mbili upande wa Uganda, na anayetoka Uganda humalizia Kenya. Mpango huo umepunguza foleni, nao umejengwa kwa ajili ya lori, kontena na msafiri mwenye pasipoti. Bahasha ya kaki iliyo mkononi mwa bodaboda haimo katika hesabu hiyo. Ulinzi wake huanza na kuishia mlangoni mwa ofisi inayoipokea.

Posta nayo haisimami katikati kama zamani. Shirika la pamoja la posta na simu lilisambaratika Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Mashirika yaliyolirithi yaligawanywa tena miaka ya 1990, na Uganda na Kenya zikabaki kila moja na posta yake. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unakataza vilipuzi na vitu vingine vya hatari ndani ya barua, na kifurushi cha posta cha kimataifa huja na fomu ya forodha inayotaja kilichomo. Kinachokuja kwa basi huja na namba ya simu iliyoandikwa juu ya gundi. Jinsi watu walivyohama kutoka posta kwenda basi kwa sababu ya kasi na bei, ndivyo kazi ya kuuliza "hiki ni nini na kimetoka kwa nani" ilivyohamia kwa karani bila yeye kuambiwa.

Chumba, daftari na ndoo ya maji

Ofisi ndogo haihitaji fedha nyingi kuanza, ila inahitaji kuamua.

Uamuzi wa kwanza ni mlango mmoja. Vifurushi vyote, vikiwemo vya bosi na vya mke wa bosi, viingilie sehemu moja. Sehemu hiyo iwe pembeni: kibanda cha nje, chumba chenye mlango wake, au meza iliyo chini ya kivuli mbali na foleni ya wateja. Feni yake isiwe inapuliza hewa kuelekea ofisi nyingine. Meza iwe tupu, ili kitu kigeni kionekane. Chakula kisiliwe hapo.

Uamuzi wa pili ni daftari. Safu zake ziwe za tarehe, saa, jina la mtumaji na simu yake, jina la aliyeleta na kitambulisho chake, jina la mpokeaji, na safu moja ambayo rejista nyingi hazina: "Je, kimetarajiwa?" Mpokeaji akipigiwa simu na kusema hana habari nacho, kifurushi hakifunguliwi wala hakisogezwi ndani. Aliyekileta anaombwa asubiri. Mtu mwenye nia njema hukerwa kidogo kisha husubiri. Anayeondoka haraka akiacha mzigo nyuma ameshatoa taarifa.

Uamuzi wa tatu ni kujua la kufanya kwa kila aina ya shaka, kwa sababu hatua hazifanani. Kinachoshukiwa kuwa bomu hakiguswi, hakitikiswi, hakitiwi ndani ya maji, wala hakibebwi kupelekwa nje kwa ushujaa. Watu ndio wanaoondoka, mbali, nyuma ya kuta imara, na simu hupigwa kutoka huko badala ya kando ya kifurushi. Unga ukimwagika, hali ni nyingine. Aliyeugusa hanusi wala hapukuti nguo. Anaufunika taratibu kwa chochote kilicho karibu, feni inazimwa, madirisha na milango inafungwa, na waliokuwemo wanahamia chumba cha jirani badala ya kutawanyika mjini na unga mwilini. Wananawa mikono kwa sabuni na maji mengi, majina yao yanaandikwa, na nguo zilizoguswa zinavuliwa na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki. Namba 999 inafanya kazi katika nchi zote mbili, lakini kila karani awe pia na simu ya kituo cha polisi cha karibu na ya hospitali. Kwa ofisi zilizo hatua chache kutoka mstari wa mpaka, iandikwe wazi ukutani ni polisi wa nchi gani wanaohusika na jengo hilo. Dakika za dharura si za kujadili jiografia.

Uamuzi wa nne ni mazoezi. Utaratibu ulio kwenye faili na ambao haujawahi kujaribiwa haujulikani na mtu yeyote. Mara mbili kwa mwaka, kifurushi bandia kiletwe bila masjala kuambiwa siku yake, na baadaye watu waketi wazungumze: nani aliuliza, nani alipitisha, mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli la nani. Mlinzi, mfagizi na tarishi wawemo katika kikao hicho. Mara nyingi wao ndio walioona kitu kwanza.

Sheria inasema nini

Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote mbili zinamtwika mwajiri jukumu la kuweka mahali pa kazi pawe salama. Sheria ya Kenya inamtaka mfanyakazi aripoti kwa msimamizi hali anayoamini kwa sababu za msingi kuwa ni ya hatari kubwa au ya karibu. Mpaka hali hiyo irekebishwe, mwajiri hawezi kumlazimisha arudi kwenye hatari hiyo. Sheria hiyohiyo inataka kamati ya usalama iundwe panapofanya kazi watu 20 au zaidi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya Kenya, nayo ya 2007, inampa aliyeumizwa kazini haki ya kulipwa, na Uganda ina sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi.

Kwa maneno mengine, haki ya karani kusimama na kusema "hapana" tayari imeandikwa. Pengo liko kati ya kitabu cha sheria na kaunta. Mlinzi wa lango huwa ameajiriwa na kampuni nyingine, kwa hiyo ofisi humwona kama mgeni na kampuni yake humwona kama mkataba. Kijana wa mafunzo kazini hana hata barua ya ajira. Mfagizi analipwa kwa siku. Watatu hawa hushika vifurushi kila asubuhi, na wakiumia, kila upande huanza kutafuta nani si mwajiri wao. Mkataba wowote wa ulinzi au usafi unaosainiwa mpakani ungepaswa kutaja waziwazi nani anawafundisha watu hawa, nani anawapa glavu na nani anawafidia.

Heshima na undugu

Yapo mapingamizi, na hayastahili kupuuzwa. La kwanza ni ucheleweshaji. Mji wa mpakani huishi kwa kasi: hati ikichelewa saa mbili, lori linalala. Hata hivyo swali la "kimetarajiwa?" huchukua muda wa simu moja, na ofisi inaweza kuwa na orodha ya watumaji wa kila siku ambao vifurushi vyao hupita kwa kulinganisha namba tu. Muda mwingi hupotea pale ambapo hakuna orodha, na kila mzigo huanza upya kama mgeni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la undugu. Wasamia na Waiteso wanaishi pande zote mbili za mpaka, na koo nyingi zina nyumba huku na huku. Anayeleta kifurushi si "mtu asiyejulikana" wa kwenye mabango ya usalama. Ni mjomba, ni mama mkwe wa dereva, ni mzee wa kanisa. Kumwambia mzee kama huyo afungue mfuko wake mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na binti wa miaka 23 aliye mapokezi anajua kwamba habari itafika kwao kabla yeye hajafika.

Kumhimiza awe jasiri hakutoshi. Uzito uondolewe mabegani mwake uwekwe kwenye utaratibu. Tangazo lililosainiwa na mkurugenzi, likabandikwa mlangoni, linampa la kusema: "Shikamoo mzee. Samahani, hapa hata mkurugenzi mwenyewe anaandikisha mzigo wake. Naomba uketi nimpigie simu mwenyewe." Sentensi hiyo haina dharau yoyote, ila ina nguvu tu ikiwa ni ya kweli. Siku mkurugenzi atakapopita na bahasha yake bila kuandikisha, tangazo litakuwa karatasi, na mjomba wa kwanza atakayekuja atalijua hilo. Vilevile, undugu huohuo ni mali. Aliyeleta mzigo anajulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa kijiji, na kumpata tena ni rahisi kuliko katika jiji kubwa. Daftari linalomwandika vizuri halimtuhumu. Linamlinda pia yeye, maana aliyetumwa na mtu mwingine huenda hajui alichobeba.

Pingamizi la tatu husema kwamba haya ni mambo ya mabalozi na benki kuu, na kwamba Tororo nani atairushia bomu. Ni kweli uwezekano ni mdogo. Lakini utaratibu uleule unaomzuia mwenye bomu humzuia pia mwenye chupa ya zebaki, huiweka sampuli iliyovuja mahali pake, huhifadhi barua ya vitisho kama ushahidi, humaliza ugomvi wa "kifurushi changu kilipotelea kwenu", na humpa karani mlango wa kutokea mteja anaporusha ngumi. Ofisi isiyoamini mabomu ina sababu tano nyingine za kuanza.

Mkuu wa ofisi anayetaka kupima hali yake hahitaji mshauri kutoka mbali. Aende masjala kesho, amuulize karani: mara ya mwisho kukataa kifurushi ilikuwa lini, na nini kilikupata baada ya hapo? Karani akijibu kwamba hajawahi kukataa hata kimoja, pesa za skana zinaweza kusubiri. Kazi ya kwanza ni kumwandikia karani huyo ruhusa yake, kuisaini, na kuwa mtu wa kwanza kuitii.